Kuunda kompyuta ya nyumbani kwa gharama nafuu (Unguja)

Kuunda kompyuta ya nyumbani ni kazi ya kuchagua na kuunganisha vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja hadi ipatikane kompyuta kamili ya mezani, badala ya kununua mashine mpya iliyofungwa kiwandani. Katika kisiwa cha Unguja kazi hii mara nyingi huchukua sura nyingine: mtu hununua kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, kisha hubadilisha au huongeza vipuri vichache ndani yake. Makala hii inaeleza namna ya kugawa fedha kidogo kati ya vipuri hivyo, kwa kuzingatia mambo matatu ya mahali penyewe: umeme, hewa ya bahari na soko la mtumba.

Kwa nini vipuri hupatana

Kompyuta ya mezani huweza kuundwa nyumbani kwa sababu viwanda vingi hufuata vipimo vya pamoja. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 ilitengenezwa kwa vipuri ambavyo kampuni nyingine ziliweza kuviiga, na mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo cha ATX kinachosema matundu ya skrubu yakae wapi na nyaya za umeme ziwe na pini ngapi. Kasha la ATX lililonunuliwa Darajani hukubali ubao mama wa ATX uliotoka Kariakoo, ingawa watengenezaji wake hawajuani.

Kanuni hii ina upungufu mmoja unaowagharimu watu wengi. Kompyuta za ofisi za kampuni kubwa hazifuati ATX kikamilifu. Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, kwa mfano, hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kupeleka umeme kwenye ubao mama. Pawasapulai ya mashine hizo ikiungua, ile ya kawaida ya dukani haiingii bila waya maalumu wa kugeuza. Kabla ya kununua mashine ya aina hiyo ni vizuri kumuuliza muuzaji kama pawasapulai yake hupatikana peke yake.

Mtumba au mpya

Kwa kazi za kawaida za nyumbani, yaani kuandika, masomo ya watoto, hesabu za duka, video na intaneti, mashine ya ofisi iliyotumika huwa rahisi kuliko kununua kila kipuri kipya. Sababu ni kwamba ofisi za nje hubadilisha kompyuta zao kwa maelfu baada ya miaka michache, wakati mashine zenyewe bado zina nguvu. Anayenunua vipuri vipya hulipia kasha, pawasapulai, ubao mama na feni kila kimoja kwa bei yake. Vitu hivyo vyote vimo tayari ndani ya mashine ya mtumba, na mara nyingi kuna leseni ya Windows pia.

Kuunda kwa vipuri vipya kuna maana zaidi kwa mtu anayehariri video, anayechora ramani za nyumba au anayecheza michezo mizito. Hao huhitaji kadi ya michoro, na kadi nzuri haiingii katika kasha jembamba la ofisi wala haitoshelezwi na pawasapulai yake.

Ikiwa fedha yote imegawanywa katika mafungu 10, mgawanyo unaofaa kwa familia ya kawaida ni mafungu 5 kwa kompyuta ya ofisi iliyotumika, fungu 1 na nusu kwa skrini ya mtumba, fungu 1 na nusu kwa SSD na RAM ya kuongeza, na mafungu 2 kwa UPS na vifaa vya kulinda umeme. Wengi hawaachi chochote kwa fungu hili la mwisho, nalo ndilo linalolinda yale 8 mengine.

Prosesa

Prosesa ndiyo sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta, na ndiyo inayotajwa kwanza na kila muuzaji. Jina kama "i5" au "i7" halitoshi. Kinachohitajika ni namba kamili, kwa kuwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza katika namba ya tarakimu tano, huonyesha kizazi: i5-6500 ni ya kizazi cha 6, i5-8500 ni ya kizazi cha 8, na i5-12400 ni ya kizazi cha 12. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-8100 ilitoka mwaka 2017, na ijapokuwa jina lake ni la daraja la chini, katika kazi nyingi haishindwi na ile i7. Mtu anayelipa zaidi kwa sababu tu kibandiko cha nje kimeandikwa i7 amenunua kibandiko.

Kizazi kina uzito pia kwa upande wa programu. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, na kwa upande wa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya chini. Si mbaya, lakini anayezinunua awe tayari kutumia Linux.

Kwa anayenunua prosesa mpya kuna mtego wa herufi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, hazina sehemu ya kutoa picha, wala Ryzen 5 5600 haina. Ukiziunganisha bila kadi ya michoro, feni itazunguka na skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600G ina picha yake yenyewe, na kwa bajeti ndogo tofauti hiyo ya herufi moja huokoa bei ya kadi nzima.

Ubao mama

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, hupaswa kulingana na prosesa katika soketi na pia katika chipseti. Soketi peke yake hudanganya. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 za kompyuta za kawaida hukaa katika soketi LGA 1151, lakini zile za kizazi cha 8 na cha 9 hazifanyi kazi katika ubao wenye chipseti za mfululizo wa 100 na 200. Zinaingia, zinakaa vizuri, na haziwaki. Kwa AMD, soketi AM4 imetumika kwa vizazi vingi, ila ubao wa zamani huweza kuhitaji programu yake ya BIOS isasishwe kabla ya kuitambua prosesa mpya.

RAM na diski

Hapa ndipo fedha kidogo huleta mabadiliko makubwa. Kompyuta yenye diski ngumu ya kuzunguka huchukua dakika kadhaa kuwaka, na ikiwekewa SSD ya GB 256 huwaka kwa muda mfupi sana bila kubadilishwa kitu kingine. Kama kuna fedha ya kufanya jambo moja tu, lifanywe hili. Diski ngumu ya zamani isitupwe. Inafaa kuhifadhi picha na nakala za kazi.

RAM ya GB 8 inatosha kwa nyumba nyingi, na GB 16 ni raha. Vibao viwili vya GB 4 huwa bora kuliko kimoja cha GB 8, hasa pale picha inapotolewa na prosesa yenyewe, kwa kuwa prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Lakini DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani: kila aina ina pengo lake mahali tofauti, na RAM isiyoingia kwa kidole gumba haikusudiwi kuingia.

SSD bandia zipo. Huonyesha ukubwa wa uongo, na baada ya kujaa huanza kuharibu mafaili. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski na saa ilizotumika, na H2testw huijaza diski na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake wa kweli.

Umeme

Unguja hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulitandikwa mwaka 1980. Hitilafu ilikizimisha kisiwa kwa karibu mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, na kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali imekuwa nafuu, lakini kukatika kwa saa chache bado ni jambo la kawaida. Kwa kompyuta, kuzimika si hatari kubwa kama kurudi. Umeme unaporudi, majokofu na pampu za mtaa mzima huanza pamoja na volti hupanda na kushuka ghafla.

Pawasapulai mbaya hupitisha misukosuko hiyo hadi kwenye ubao mama. Pawasapulai nyepesi mkononi, isiyo na jina la kampuni na iliyoandikwa wati 500 kwa bei ya chai, ni ya kuepukwa. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya michoro, pamoja na skrini, hutumia takriban wati 80 tu. Inahitaji pawasapulai ndogo ya kweli, haihitaji kubwa ya maandishi. Kwa matumizi ya saa 5 kwa siku, wati 80 ni uniti 12 za Tukuza kwa mwezi.

Lebo ya pawasapulai isomwe kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa volti 100–240, mashine huvumilia volti kushuka na stabilaiza si ya lazima. Baadhi ya mashine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina kitufe chekundu nyuma chenye namba 115 na 230. Kikiwa kwenye 115, mashine ikichomekwa katika volti 230 za Zanzibar hulipuka palepale, na muuzaji hatarudisha fedha.

UPS ndogo huwa na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7. Kwa mzigo wa wati 80 hutoa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Si kifaa cha kuendelea na kazi gizani. Betri hizi hazipendi joto: kila nyuzi 10 zinazozidi takriban nyuzi 25 za sentigredi hupunguza umri wake kwa karibu nusu. UPS isiwekwe juani wala nyuma ya jokofu. Anayekatikiwa umeme kila siku kwa saa nyingi apime tena kama kompyuta ya mezani inamfaa, kwa maana kompyuta ya mapajani ina betri yake na hutumia umeme mdogo.

Jambo la mwisho katika umeme ni waya wa ardhi. Katika nyumba nyingi za zamani za Mji Mkongwe waya huu haupo au umekatika njiani. Dalili yake ni ganzi inayosikika mkononi mtu akigusa chuma cha kasha, kwa kuwa vichujio vya pawasapulai hupeleka umeme mdogo kwenye kasha, nao haupati pa kushukia. Wengi huzoea. Lakini umeme huohuo hupita katika nyaya za printa na skrini na huweza kuua matundu ya USB, na pawasapulai ikiharibika ndani, chuma hicho kinaweza kubeba volti zote 230 mbele ya mtoto. Fundi umeme aitwe kabla ya kununua vipuri, na waya wenye plagi ya pini mbili za mviringo ubadilishwe kwa waya kamili wa pini tatu, usikatwe na kusokotwa.

Chumvi, unyevu na chokaa

Hewa ya bahari hulisha kutu. Katika nyumba zinazotazama bahari, kuanzia Shangani hadi Malindi, miguu ya RAM na pini za kadi hufifia mapema, na kompyuta inayokataa kuwaka mara nyingi huwaka tena baada ya RAM kutolewa na kusuguliwa taratibu kwa raba safi ya penseli. Kompyuta isiwekwe dirishani. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huleta adha yao: unga mweupe huanguka usiku na mchana na huziba feni. Kasha lifunguliwe na kupigwa brashi kila baada ya miezi mitatu, na kabla ya joto la kaskazi lisikose.

Betri ndogo ya saa, CR2032 ya volti 3, ni ya bei ndogo na hupuuzwa. Ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma, na tovuti nyingi hukataa kufunguka mtu akadhani intaneti imeharibika.

Programu

Linux Mint na Ubuntu ni bure na hufanya kazi vizuri katika mashine ambazo Windows 11 huzikataa. LibreOffice hufungua na kuandika nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa nyaraka ngumu huweza kuhama. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi kadhaa zilizoandaliwa kwa kazi hiyo zingali zinasomeka leo.

Ukaguzi dukani

Mashine iwashwe mbele ya mnunuzi na iachwe ikifanya kazi nusu saa, kwa kuwa matatizo ya joto hayaonekani dakika ya kwanza. Katika Windows, kuandika dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia huonyesha jina kamili la prosesa na kiasi cha RAM. Kila tundu la USB lijaribiwe kwa kifaa kimoja. Ubao mama utazamwe: vile vimtungi vidogo vya kuhifadhi umeme vikiwa vimevimba kichwani, mashine iachwe. Stakabadhi iandikwe namba ya mashine na muda wa dhamana. Kwa mashine iliyonunuliwa Kariakoo, mnunuzi ahesabu pia nauli ya boti ya kwenda na kurudi, kwani dhamana ya wiki moja ng'ambo ya bahari ni fupi kuliko inavyosomeka.