Vumbi la Mpingo Halina Mzaha na Ngozi

Katika Ukumbi wa Meyerson jijini Dallas, kama ilivyo Jones Hall kule Houston, klarineti nyeusi zinazosikika usiku wa okestra kwa kawaida ni za mpingo, mti wa Kilwa, Lindi, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma. Texas inaujua mti huu vizuri. Mwaka 1996 James Harris, mkerezaji wa Red Rock, kijiji kilicho saa chache kwa gari kutoka Houston, aliungana na Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, Kilimanjaro, wakaanzisha mradi wa kuupanda upya.

Uzuri wa mpingo umo kwenye kiini chake cheusi, na humo humo ndimo yalimo madhara yake. Kiini hicho kina dalbergioni, kemikali za ukoo wa flavonoidi, ukoo mkubwa unaopatikana hata kwenye majani ya chai. Nyingi za ukoo huo hazina neno. Lakini dalbergioni ni kwinoni, kemikali zinazoungana kwa urahisi na nyingine: hujishikiza kwenye protini za ngozi, na kinga ya mwili ikishazitambua kama adui, haisahau. Siku za mwanzo fundi haoni kitu. Baadaye, saa 24 hadi 72 baada ya kugusa vumbi, hutokea mwasho, wekundu, pengine malengelenge. Kwa kuwa dalili huchelewa, wengi hulaumu sabuni au chakula.

Jasho huongeza balaa. Katika joto la unyevu la Houston, sawa na la Dar es Salaam, unga wa msasa hunata shingoni, kwenye kope na kwenye mikunjo ya viwiko. Aliyeathirika anaweza pia kudhurika na ndugu wa mpingo, kama kokobolo ya Amerika ya Kati. Hata pau ferro, ambayo baadhi ya watengenezaji wa gitaa waliikimbilia baada ya biashara ya Dalbergia, jamii ya mpingo na kokobolo, kudhibitiwa kimataifa Januari 2017, ina dalbergioni kali mno.

Chombo kilichokamilika husumbua wachache, mara nyingine mdomoni au kidevuni. Anayeumia zaidi ni anayekata na kupiga msasa. Wakerezaji wa Marekani wana orodha za mbao zenye madhara, na jamii ya mpingo haikosekani humo. Mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, anayeshinda ndani ya vumbi hilo kifua wazi, anastahili kuambiwa hayo hayo kwa Kiswahili: vaa barakoa na mikono mirefu, vuta vumbi pale linapotokea, oga kabla ya kurudi nyumbani.

Na akienda hospitali na ukurutu usiopona, ataje mti anaouchonga. Daktari wa ngozi anaweza kumbandika vipimo mgongoni kwa siku mbili, akasoma majibu. Bila jina la mti, atapewa krimu na kurudishwa kwenye vumbi lile lile.