Mbegu ya muhogo inaonekana safi, maabara inasema ina virusi. Inakuwaje?

Swali hili naulizwa sana na wanaolima muhogo wa biashara huku Zinga, Kerege mpaka Kiwangwa: shina zuri, jani halina doa, halafu majibu yanasema kuna michirizi kahawia. Mashine imekosea?

Mara nyingi haijakosea. Kipimo ni PCR, kile kile tulichokisikia sana wakati wa Uviko, na kazi yake ni kudurufu kitu kidogo mpaka kionekane.

Mtaalamu anasaga jani na kutoa vinasaba. Virusi vya michirizi kahawia vina RNA, kwa hiyo kwanza inageuzwa kuwa DNA (batobato yenyewe ina DNA tayari). Kichupa kinaingia mashineni. Joto likifika sentigredi 95 hivi, kamba mbili za DNA zinaachana. Likishuka kwenye 55 au 60, vipande vifupi vya kuanzia, vilivyotengenezwa vishike virusi hivyo tu, vinajibandika. Likipanda 72, kimeng'enya kinajenga upande uliokosekana. Pea moja imekuwa mbili. Rudia: 4, 8, 16. Mzunguko wa 10 unakupa nakala 1,024, wa 20 zaidi ya milioni, wa 30 zaidi ya bilioni. Hiyo ni hesabu ya karatasini, kichupani hupungua maana malighafi huisha. Jani likiwa safi, vile vipande havina pa kujibandika, hakuna kinachoongezeka.

Sasa angalia shamba lako. Shina moja lenye virusi ukilikata pingili 8, umepanda wagonjwa 8. Msimu ujao kila mmoja unakatwa tena. Shamba nalo linadurufu, tena kwa mkopo wako! Na michirizi kahawia ina hila: majani yanaweza kupendeza huku muhogo umeoza kikavu ndani, ukagundua siku mteja ameleta gari. Kiroba tunaoupenda huku Pwani unavumilia ugonjwa huu, lakini kuvumilia siyo kukosa virusi.

Kwa hiyo kabla hujalipia mbegu, dai cheti cha TOSCI. Nenda mwenyewe shamba mama, kagua majani ya chini kama yana umanjano kando ya vishipa, omba kung'oa mashina kadhaa ukate mihogo uone ndani. Ukipeleka majani kupimwa, chuma kwenye mimea mingi iliyotawanyika, kwa sababu PCR inajibu kuhusu jani ulilopeleka tu. Halafu panda mbali na muhogo wa zamani wenye ugonjwa, maana nzi weupe watakurudishia virusi ndani ya msimu huo huo.