Hesabu Iliyoitaja Siku ya Mwisho

William Miller hakudai kwamba ameoteshwa. Mkulima huyu wa Low Hampton, jimbo la New York, alipiga hesabu. Alizichukua siku 2300 za Danieli 8:14 kuwa miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo, mfalme Artashasta alipotoa amri yake kuhusu Yerusalemu. Ukitoa 457 katika 2300 unapata 1843, na huo ndio mwaka aliouhubiri kwamba Yesu angerudi.

Mwaka ukapita. Ndipo wafuasi wake wakazingatia kwamba kalenda haina mwaka sifuri: mwaka 1 kabla ya Kristo unafuatwa papo hapo na mwaka 1 baada yake, kwa hiyo hesabu inasogea hadi 1844. Samuel Snow, mmoja wao, akataja na siku yenyewe, Oktoba 22. Mimi naona hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu sahihisho lile lilikuwa la kweli. Waumini walihakikisha kutoa na kujumlisha, lakini nani alihakikisha kwamba siku ni miaka?

Wapo walioacha mazao yao shambani. Walikesha, kukapambazuka, wakalia. Wengi walijitoa. Hiram Edson, mmoja wa waliobaki, na wenzake wakasema tarehe ilikuwa sahihi, ila jambo lenyewe lilitukia mbinguni. Katika mkondo huo likaundwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka 1863, lililofika Upare, katika Tanzania ya leo, mwaka 1903. Nalo halipangi tarehe.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Leon Festinger alitaka kuona kwa macho yake waumini wanavyofanya utabiri wao usipotimia. Karibu na Chicago, kikundi kidogo kilingoja gharika ya Desemba 21. Gharika haikuja, na Festinger akaandika kwamba waliokesha pamoja walizidi kuamini, wakawaita waandishi wa habari ambao awali wao wenyewe walikuwa wakiwakwepa. Alieleza kwamba mtu aliyeacha kazi na mali kwa ajili ya imani huumia mno kukiri kosa, hivyo hutafuta maelezo mapya na watu wa kuyakubali.

Maelezo hayo yana nguvu, lakini ushahidi wake una dosari. Watafiti walijipenyeza wakijifanya waumini, na katika kikundi kidogo namna ile kuwapo kwao kuliwatia wengine moyo. Kwa hiyo nawategemea zaidi watu wa 1844, ambao hawakuwa na mtafiti kati yao: wengi waliondoka, wachache wakatafsiri upya.