Ngalawa: Uzito wa baharia ni sehemu ya mtaji

Kuanzia Moa, karibu na mpaka wa Kenya, kupitia Tongoni na Kigombe hadi Pangani na Kipumbwi, wavuvi wadogo na wachuuzi wa samaki wangali wanaitegemea ngalawa. Haihitaji petroli, na upepo haulipiwi. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini faida hiyo, pamoja na nyavu na samaki, huweza kuzama kwa dakika moja endapo mabaharia hawajui mahali pa kukaa.

Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe. Ina tanga la pembetatu na matengo, yaani vibao viwili vya pembeni vilivyoshikwa na miti iliyokingama juu ya chombo. Komoro nako wanacho chombo cha aina hiyo, nao hukiita galawa.

Upepo ukizidi, tanga hukilaza chombo upande wa demani, upepo unakoelekea. Tengo la upande huo likizama mno, mwendo hupungua na hatari huanza. Ndipo baharia mmoja hutoka na kukalia mti wa upande wa joshi, upepo unakotoka. Kanuni ni ileile ya mizani: mtu wa kilo 60 aliyekaa mita 2 kutoka katikati ya chombo hufanya kazi ya kilo 120 zilizowekwa mita 1.

Uzito huo husaidia pia kuongoza. Ngalawa nyingi zina usukani, lakini ukivunjika safari haiishii hapo. Watu wakisogea omo, chombo huelekea kwenye upepo. Wakirudi tezi, huupa upepo mgongo. Nahodha akikaza au kulegeza kamba ya tanga na kutia kasia, hufika pwani. Huko Ulaya na Marekani kuna hata mbao za tanga zisizo na usukani kabisa, ambazo mchezaji huziongoza kwa kulaza tanga na kuegemeza mwili wake.

Kwa mfanyabiashara, somo ni moja: baharia huhama, mzigo hauhami. Vitu vizito viwekwe chini na katikati. Samaki watiwe kwenye matenga au ndoo ili wasiteleze upande mmoja. Nyavu zisizibe njia ya mabaharia. Ikumbukwe kuwa chombo kinachorudi na samaki si chepesi kama kilivyoondoka alfajiri, hivyo nafasi iachwe mapema. Anayejaza ngalawa hadi watu wakose pa kusogea amejinyima kinga yake mwenyewe.

Upepo wa kusi huchafua bahari katikati ya mwaka. Ni vyema kusikiliza kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kuvaa maboya. Tenga moja lililoachwa pwani litasubiri safari ya kesho. Ngalawa iliyopinduka haina kesho.