Dhamana Si Faini

Mara nyingi mama zetu huuza hata vidani vyao kumtoa kijana rumande, kisha wakazihesabu fedha hizo kuwa zimepotea. Huko ni kuchanganya dhamana na faini. Faini ni adhabu, hutozwa baada ya hatia kuthibitika. Dhamana ni amana: huwekwa mahakamani ili mshtakiwa, ambaye kwa Katiba ya 2010 bado huhesabiwa hana hatia, ahudhurie kila aitwapo. Akihudhuria hadi mwisho, hurejeshwa kwa aliyeiweka, kesi ishindwe au ishinde, akitoroka, hupotea. Basi risiti na iandikwe jina la mama aliyetoa, itunzwe pamoja na hati za nyumba. Siku ya kesi “kutajwa” nayo huwatia wengi hofu bure. Aghalabu hupangwa tarehe ya kusikizwa tu.