Mkaguzi wa Mionzi Katika Nchi ya Bati

Tanzania haina hata kinu kimoja cha nyuklia, na anayekata kona za milima kutoka Kyaka kwenda Kayanga hawezi kudhani kwamba mkaguzi wa usalama wa nyuklia ana shughuli yoyote huko. Anayo. Wilaya za Karagwe na Kyerwa zina vyumba vya eksirei, zina bati ardhini, na zina kahawa inayouzwa nje, na vyote hivyo vinamhusu.

Mkaguzi huyo hutumwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ambayo ina ofisi Njiro, Arusha, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Tume iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ikarithi kazi za Tume ya Taifa ya Mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1983. Mkaguzi ana mamlaka ya kuingia mahali popote panapotumika mionzi, kupima, kufungua kumbukumbu na, akiona hatari, kuzuia kazi isiendelee.

Kazi yake inaeleweka vizuri zaidi ndani ya chumba cha eksirei, kama vile vya hospitali ambazo wakazi wa Nyakahanga au Isingiro huzitegemea. Mlango ukishafungwa, juu ya meza hawekwi mgonjwa, kinawekwa chombo chenye maji. Maji hutawanya mionzi kwa namna inayokaribiana na mwili wa mtu, hivyo mtaalamu anapobonyeza kitufe, vipimo vinaonyesha kinachotokea kazini bila binadamu yeyote kupigwa mionzi bure. Kipima mionzi kikiwa mkononi, mkaguzi husimama pale anaposimama mtaalamu, kisha nyuma ya mlango, kwenye upenyo wa chini, kwenye kona ambapo ukuta unakutana na dirisha. Halafu anatoka nje hadi kwenye benchi walipokaa akina mama na watoto wakisubiri kuitwa.

Benchi hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa kupata wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Mwananchi wa kawaida, ukiacha matibabu yake mwenyewe, kikomo chake ni 1. Mfanyakazi anaijua hatari ya kazi yake na huvaa beji inayorekodi mionzi aliyoipata, beji ambayo husomwa maabara baada ya kila miezi kadhaa. Mama aliye kwenye benchi hana beji, wala hajui kwamba kuna cha kupimwa. Ukuta ule ndio kinga yake yote.

Kuna kipimo kingine kinachohitaji sarafu tu. Mashine ya eksirei hutoa mwanga wa taa unaoonyesha sehemu ya mwili itakayopigwa picha. Mkaguzi hupanga sarafu kwenye kingo za mwanga huo, picha inapigwa, kisha anatazama sarafu zimetokea wapi. Zikiwa zimehama, basi taa inaonyesha kifua huku mionzi ikipiga mpaka tumboni, na kwa mjamzito hilo si jambo dogo. Ndiyo maana mwanamke anayehisi ana ujauzito hana budi kusema kabla ya kupanda mezani, hata kama hajaulizwa.

Wenye vinu vya nyuklia hawangoji mkaguzi afunge safari. Nchini Marekani kila kituo cha umeme wa nyuklia kina wakaguzi wa serikali wanaoshinda hapo hapo kila siku ya kazi. Utaratibu huo ulianza mwaka 1978 na ukaongezewa nguvu baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island ya Machi 1979. Kwa kawaida mkaguzi hakai kituo kimoja zaidi ya miaka 7, asije akazoeana mno na wale anaowakagua.

Karagwe haihitaji mkaguzi wa kushinda hospitalini mwaka mzima. Lakini gari likisharudi Mwanza, nani anaangalia? Jibu la kanuni ni msimamizi wa usalama wa mionzi, mfanyakazi wa hospitali yenyewe aliyepewa jukumu hilo. Katika hospitali ndogo mtu huyo anaweza kuwa ndiye yule yule anayepiga picha, huku foleni ikimsubiri mlangoni. Asipopewa muda wa kukagua aproni za risasi zilizopasuka, na asipokuwa na kauli ya kusimamisha mashine bila kuogopa kugombezwa, cheo chake kinabaki kwenye karatasi. Hapo ndipo uongozi wa hospitali unapaswa kubanwa zaidi kuliko kwenye ununuzi wa mashine mpya.

Kwenye kahawa hakuna mengi. Baada ya mlipuko wa kinu cha Chernobyl wa Aprili 1986, nchi nyingi zilianza kupima mionzi kwenye vyakula vinavyovuka mipaka, na TAEC hupima sampuli za vyakula na kutoa vyeti.

Bati ndilo lenye maelezo marefu. Limechimbwa upande huu tangu enzi za Waingereza, na miamba yake ni ya ukanda ule ule unaopita Rwanda, Burundi na Ankole. Madini ya bati yenyewe hayana tatizo la mionzi. Tatizo huja na majirani zake, madini ya tantalamu na niobiamu, yale yanayoitwa koltani, ambayo mara nyingi hubeba urani na thoriamu ndani yake. Mchanga mweusi mzito unaobaki kwenye karai baada ya kuoshwa unaweza kuwa na mchanganyiko huo. Kanuni za kimataifa za usafirishaji zinasema madini ya asili yanayozidi bekereli 10 za urani au thoriamu kwa gramu husafirishwa kama mzigo wa mionzi, kwa alama na hati zake.

Mkaguzi mwaminifu atamwambia mchimbaji mdogo ukweli wote: kusimama karibu na kiroba cha mchanga huo kwa saa chache si sababu ya kutishika, na duara la kuchimbia likiporomoka linaua haraka kuliko mionzi. Ya kuogopa ni yale yanayoingia kifuani. Vumbi la mwamba huharibu mapafu, na pale penye urani hutoka radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya kwenye shimo lisilopitisha hewa na husababisha saratani ya mapafu. Kinga yake haihitaji maabara: tundu la pili la kupitisha hewa, mwamba kuloweshwa kabla ya kutobolewa, kunawa kabla ya kula, na viroba kuwekwa kwenye banda la peke yake badala ya chumba wanacholala watoto.