Leza Inapokataliwa: Njia Nyingine za Kurekebisha Uoni

Upasuaji wa leza hurekebisha uoni kwa kuchonga konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Utando huo ni mwembamba: unene wake katikati ni takriban nusu milimita. Kadiri mtu asiyeona mbali anavyohitaji miwani kali zaidi, ndivyo konea inavyopaswa kupunguzwa zaidi. Kwa hiyo mwenye konea nyembamba, au iliyoanza kuchongoka kama pia, huambiwa kwamba leza haimfai. Wengi huyapokea maneno hayo kama hukumu, ilhali huenda ndiyo yaliyowanusuru: konea iliyochongoka, ikipunguzwa, yaweza kudhoofika zaidi.

Miwani hudharauliwa kwa ukale wake, lakini haigusi jicho kamwe. Lenzi za kuvaliwa machoni hutoa uoni mzuri, nazo zile ngumu humsaidia hata mwenye konea iliyochongoka, ambaye miwani haimtoshi tena. Sharti lake ni usafi. Zisioshwe wala kuhifadhiwa kwa maji ya bomba au ya kisima, kwa kuwa humo mna vimelea viwezavyo kuila konea.

Kwa mwenye upungufu mkubwa wa kuona mbali, njia yenye matumaini zaidi ni lenzi ya kupandikizwa. Huwekwa nyuma ya sehemu ya jicho yenye rangi, mbele ya lenzi ya asili. Konea haipunguzwi, na lenzi hiyo yaweza kutolewa ikibidi. Hata hivyo ni upasuaji wa ndani ya jicho: waweza kuleta maambukizi, kupandisha shinikizo la jicho, au kuharakisha mtoto wa jicho. Wala hauondoi hatari ya retina kubanduka, ambayo humwandama mtu wa namna hiyo hata akitupa miwani.

Aliyekwisha kuanza kupata mtoto wa jicho hana haja ya kugharimia leza. Lenzi yake yenye ukungu itatolewa na kuwekwa ya bandia, kazi aliyoianzisha Harold Ridley jijini London mwaka 1949, na nguvu ya lenzi hiyo huweza kuchaguliwa ili irekebishe uoni pia.

Wahudumu wa kliniki wamwangalie hasa kijana mwenye mzio wa macho, anayeyafikicha kila mara na ambaye miwani yake hubadilishwa mara kwa mara. Apimwe umbo la konea. Ikionekana inazidi kuchongoka, matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno huweza kuikaza na kuuzuia ugonjwa usiendelee. Tiba hiyo haikusudiwi kumwondolea miwani, na ni vema aelezwe hivyo mapema.

Anayevaa lenzi laini azivue kabla ya kipimo hicho, kwa kawaida wiki moja au mbili, na zilizo ngumu kwa muda mrefu zaidi, kwani zote hubadili umbo la konea.